KARATASI ZA IRINGA NA KUMBUKUMBU ZA NYUMBA YAKO

Katika nyumba nyingi za mijini lipo sanduku la bati chini ya kitanda, au mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, ambamo imehifadhiwa historia ya jamaa nzima. Humo mna picha ya harusi ya babu na bibi, kadi za kliniki za watoto ambao leo ni watu wazima, barua ya ajira ya kwanza, na cheti cha shule ambacho mwenyewe hayupo tena duniani. Vitu hivi havina bei sokoni. Lakini siku vinapoliwa na mchwa au kuloweshwa na mvua, hakuna duka linaloviuza. Wahenga walinena kweli waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari hilo la nyumbani, yaani kitabu cha picha na kumbukumbu kilichokunjwa, kushonwa na kubandikwa kwa mikono yako mwenyewe, ndilo shabaha ya makala haya. Ili kuijua vema kazi hiyo yafaa kwanza kuijua karatasi yenyewe, inatokana na nini na kwa nini nyingine hudumu na nyingine huoza. Kwa elimu hiyo tunakualika Mkoa wa Iringa, kwa kuwa huko msitu wa karatasi, kiwanda cha karatasi na karakana ya karatasi za mikono vyote vimo katika mkoa mmoja.

NJIA YA KUPANDA MILIMANI

Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Iringa ni mwendo wa kama kilometa 500 kwa barabara kuu ya kwenda Zambia. Mabasi huondoka alfajiri, na anayesafiri na watoto hana haja ya kuwatafutia hadithi njiani, kwani baada ya Morogoro barabara hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga na swala huonekana kutoka dirishani. Hatimaye hufuata bonde la mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilivyopangwa kandokando ya barabara, kisha mlima Kitonga, ambapo malori hupanda kwa kunguruma huku ukuta wa mlima ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Ukishafika juu, hewa hubadilika. Mji wa Iringa umekaa juu ya mwinuko wa zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni wa kutoka pwani hutafuta sweta kabla jua halijazama.

Iringa ni mji wa watu waliozoea kazi ya nyuzi. Vikapu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe kwa milulu vinajulikana nchini kote. Mwenye kuvitazama vikapu hivyo sokoni atakuwa ameanza somo la karatasi bila kujua, maana karatasi nayo ni nyuzi za mimea zilizoshikamana. Tofauti ni kwamba msusi huzipanga nyuzi zake moja moja kwa vidole, na mtengeneza karatasi huziachia maji zipangike zenyewe.

KARAKANA ILIYOANZA NA VIJANA WATATU

Mwaka 2003 ilianzishwa mjini hapo karakana ya Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa juhudi za msanii wa Kiingereza, Bibi Susie Hart. Ilianza na vijana watatu viziwi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ziliongezeka kazi za kufuma, kutengeneza shanga na kuchapa vitambaa, pamoja na mkahawa, na idadi ya wenye ulemavu waliopata ajira ikapanda hata kupita mia moja. Katika mkahawa huo wahudumu ni viziwi, na mteja huandika kwenye karatasi kile anachotaka kula. Wako wageni wengi ambao kwa mara ya kwanza katika maisha yao walijikuta wao ndio wasiojua lugha ya mahali.

Usishangae, ndugu msomaji, kusikia habari ya kinyesi cha tembo. Tembo mzima aweza kula majani, magome na matawi ya kilo 150 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula hicho humtoka bila kumeng'enywa. Kinachobaki ni nyuzi ambazo meno na tumbo la mnyama vimekwisha kuzilainisha. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa kwa saa nyingi hata harufu yote ikaisha, kisha hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu ili zishikamane vizuri. Maganda ya mahindi, majani ya mananasi na shina la mgomba pia hufaa.

Rojo linalopatikana humiminwa katika karo la maji. Mfanyakazi huzamisha humo fremu yenye wavu, huiinua ikiwa sawasawa, huitikisa kidogo, na maji hutiririka yakiacha tabaka jembamba la nyuzi. Tabaka hilo hupinduliwa juu ya kitambaa, hukandamizwa, hukaushwa, na hapo huwa karatasi. Ndivyo kazi hii ilivyofanyika tangu China ya kale, miaka karibu elfu mbili iliyopita, na mashine kubwa za leo hufanya mambo hayo hayo kwa kasi kubwa zaidi.

MSITU NA KIWANDA

Anayetaka kuona upande huo wa pili aendelee na barabara kuu kama kilometa 80 hadi Mafinga, wilayani Mufindi. Huko utaliona shamba la miti la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya Serikali ya miti ya kupandwa, misindano ikiwa imejipanga mistari juu ya vilima hadi macho yachoke. Ndani zaidi, huko Mgololo, ndiko kilikojengwa kiwanda cha karatasi kwa mikopo ya nje, ukiwemo wa Benki ya Dunia. Kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikiwa kimekusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka.

Historia ya kiwanda hicho ina mafundisho yake. Kilijengwa ili taifa lijitosheleze kwa karatasi, lakini katika miaka ya 1990 mitambo ilisimama. Mwaka 2004 kilikabidhiwa kwa wawekezaji binafsi na kikarudia kazi chini ya jina la Mufindi Paper Mills, kikitoa hasa karatasi ngumu ya kaki ya kutengenezea mifuko. Tarehe 1 Juni, 2019 Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, karatasi ya aina hiyo ilizidi kuonekana sokoni na madukani, na kwa njia hiyo malighafi nzuri ya kazi za mikono ikafika hadi jikoni kwako.

Hapa ndipo penye elimu tuliyoifuata. Ndani ya mti, nyuzi zimegandishwa kwa kitu kiitwacho lignini. Karatasi ya kaki hupikwa kwa dawa kali zinazoondoa sehemu kubwa ya gundi hiyo, na ndiyo maana huwa ngumu. Karatasi ya gazeti kwa kawaida hutokana na mti uliosagwa tu, lignini ikiwa imo ndani, na lignini ikipata jua na hewa hugeuka rangi na kuzaa asidi. Gazeti hili unalolisoma, ukilikata na kulibandika kando ya picha ya mtoto wako, baada ya miaka michache litakuwa la manjano, na picha nayo litaichafua. Habari ya gazetini unayoipenda itolee nakala kwenye karatasi nyeupe ya ofisini, uibandike nakala hiyo.

KAZI YA MIKONO NYUMBANI

Baada ya kuyajua hayo, nyumba yoyote yaweza kuwa karakana. Watoto waanze kwa kutengeneza karatasi. Chana karatasi za ofisini zilizokwisha kutumika, loweka usiku kucha, zitwange katika kinu hata ziwe uji. Changanya rojo hilo na maji katika beseni, utie na maji kidogo ya wanga ili wino usije ukatawanyika. Pigilia kipande cha wavu wa dirishani juu ya fremu ya mbao, zamisha, inua, acha maji yachuje, kisha pindua juu ya shuka kuukuu. Kandamiza kwa ubao, anika kivulini. Karatasi itakayopatikana itakuwa nene na yenye mikwaruzo, nayo itafaa kwa majalada na kadi za sikukuu.

Kwa kurasa za kitabu cha picha tumia manila nyeupe au karatasi nzito. Kabla ya kukunja, chukua karatasi uipinde taratibu kwa upande mmoja, kisha kwa upande mwingine. Utaona upande mmoja hupindika kwa urahisi. Huko ndiko nyuzi zilikoelekea, na mkunjo sharti ufuate mwelekeo huo, ama sivyo kurasa zitapasuka na kukataa kulala. Kunja karatasi nne kwa pamoja na upitishe mgongo wa kijiko juu ya mkunjo.

Toboa matundu matatu katika mkunjo kwa msharasi au sindano nene, moja katikati na mengine mawili juu na chini. Pitisha uzi uliosuguliwa kwa mshumaa. Ingiza sindano kutoka ndani kwa tundu la kati, rudi ndani kwa tundu la juu, vuka hadi la chini utoke nje, kisha rudi ndani kwa la kati na ufunge fundo. Usisahau kutia vipande vyembamba vya manila, vya upana wa vidole viwili, kati ya kurasa penye mshono. Bila vipande hivyo, picha zikishabandikwa kitabu huvimba na kupanuka mdomo kama mamba.

Gundi ipikwe jikoni. Kijiko kimoja cha unga wa ngano au wanga wa muhogo kwa vijiko sita vya maji baridi, koroga, pika kwa moto mdogo hata iwe nzito, ipoe. Ipike ya kutosha siku moja tu, kwani huchacha na kuwaita mende. Ipake nyembamba, kisha lalisha kazi yako chini ya ubao mzito usiku mzima. Jalada lifanye kwa kadibodi iliyovikwa karatasi ya kaki au kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani.

Picha zenyewe, hata hivyo, zisipakwe gundi kabisa. Kata vipande vidogo vya karatasi, vikunje viwe pembe, uvibandike ukurasani, na picha ichomekwe katika pembe nne. Kwa njia hiyo siku yoyote yaweza kutolewa salama. Wengi wetu tunazo zile albamu za dukani za miaka ya 1970 na 1980, zenye kurasa za kunata na nailoni juu yake. Gundi ya albamu hizo hugeuka manjano na kuzing'ang'ania picha. Kama picha zako bado zinabanduka, zitoe polepole kwa kupitisha uzi mwembamba nyuma yake. Zikikataa usizilazimishe, bali zipigwe picha pale pale zilipo.

Jambo kubwa kuliko ufundi wote huo ni maandishi. Picha isiyo na jina ni picha ya mgeni. Andika kwa penseli, nyuma ya picha au chini yake ukurasani, nani aliyesimama wapi, mahali, mwaka na tukio. Usitumie kalamu ya wino nyuma ya picha, kwani wino hupenya na ncha huacha makovu. Kitabu kikishakamilika kiwekwe rafuni, mbali na sakafu, moshi na ukuta unaolowa, na kifunguliwe na kupepewa kabla ya kila masika.

Yuko atakayesema kwamba siku hizi picha zimo ndani ya simu. Ni kweli, na hasara yake tunaijua. Simu ikiibiwa stendi, au ikianguka ndani ya ndoo ya maji, miaka mitano ya maisha ya nyumba huenda nayo. Kutoa picha chache zilizochaguliwa na kuzipeleka studio kila mwisho wa mwaka ni gharama ndogo kwa mfanyakazi, nayo huwapa watoto kazi ya kuchagua lipi katika mwaka huo lilistahili kukumbukwa.

Kama safari ya Iringa haijawezekana mwaka huu, Jumapili moja yatosha kuanza. Waite watoto, wakalishe mkekani pamoja na bibi au babu, mfungue sanduku. Msianze na picha mnazozipenda. Anzeni na zile ambazo amebaki mtu mmoja tu nyumbani anayeweza kuyataja majina ya waliomo, na mkononi mwa mtoto iwepo penseli iliyochongwa tayari.