Bendi Moja Ilijenga Ukuta, Nyingine Ikavunja Besi

Wapenzi wa roki wakikutana Nairobi, huu mjadala lazima utokee tu: kati ya roki ya zamani na panki, ni gani kali? Watu wa Pink Floyd watakwambia panki ni kelele za wasee wasiojua kupiga gitaa. Watu wa panki nao watakwambia roki ya zamani ni wazee wanaopiga gitaa dakika kumi wakijisikiliza wenyewe. Watabishana hadi chai ipoe, na hakuna anayeshinda.

Mimi naona tuwache maneno mengi tuchukue albamu mbili tu. The Wall ya Pink Floyd ilitoka Uingereza tarehe 30 Novemba 1979. London Calling ya The Clash ikatoka 14 Desemba, mwaka huo huo. Ni wiki mbili tu kati yao. Nchi ni moja, baridi ni moja, na zote ni za santuri mbili. Kwa hivyo usiniambie ati "enzi zilikuwa tofauti".

Sasa cheki vile zilizaliwa.

Julai 1977, Pink Floyd wako Montreal, uwanja wa Olimpiki. Umati ni mkubwa, watu wanapiga kelele, Roger Waters amechoka nao. Anamtemea shabiki mmoja mate. Kitendo hicho kilimshtua hata yeye mwenyewe, na hapo ndipo wazo la ukuta kati ya bendi na watu lilitoka. Na hawakuliacha likae kwa mashairi tu. Kwa shoo za 1980 na 1981, mafundi walikuwa wanajenga ukuta kwa jukwaa, tofali kwa tofali, hadi bendi haionekani.

Septemba 1979, The Clash wako Palladium, New York. Paul Simonon, mpiga besi, naye ana hasira. Lakini shida yake ni tofauti: mabaunsa walikuwa hawaachi watu wasimame kwa viti vyao. Akashika besi yake akaipasua kwa sakafu. Pennie Smith akapiga picha. Yeye mwenyewe hakutaka itumike, aliona imetoka na ukungu. Hiyo picha ndiyo ikawa jalada la London Calling.

Umeiona tofauti? Hasira ni moja, jukwaa ni jukwaa. Mmoja alikasirika kwa sababu watu wamemkaribia sana. Mwingine alikasirika kwa sababu watu wamezuiwa kumkaribia. Kwangu mimi mjadala uko hapo, si kwa nani ana vidole vyepesi.

Na tafadhali usinijibu na Comfortably Numb. Najua. Ile gitaa ya David Gilmour mwishoni inaweza kufanya mtu mzima akae kimya kwa matatu hadi apitishe stage yake. The Wall ni kazi kubwa, ngoma 26 zinazosimulia hadithi moja, na ilikaa namba moja Marekani wiki 15. London Calling haikufika hata karibu na hapo. Lakini kama mauzo ndiyo kipimo, basi tufunge mjadala twende nyumbani.

Mimi naangalia mlango umefunguliwa kwa nani. The Clash walipigana na kampuni yao ya rekodi hadi santuri mbili, ngoma 19, zikauzwa kwa bei ya moja. Kijana asiye na kazi wa London angeweza kuinunua. Alafu ndani kuna rege! Simonon alikulia Brixton katikati ya Wajamaika, na ukisikiza The Guns of Brixton unajua huyu hakujifunza rege kwa mbali. Sisi tuliokua na rege kwa kila matatu na kila kinyozi, hiyo besi tunaielewa bila mkalimani.

Lakini kuna kitu watu wa panki wenzangu hawapendi kusikia. Ile ngoma ya The Wall iliyoimbwa na watoto wa shule ya Islington Green, Another Brick in the Wall, ilifika Afrika Kusini. Mwaka wa 1980, wanafunzi waliokuwa wamegoma kuhusu elimu ya ubaguzi wakaichukua wakaifanya yao. Serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Fikiria hiyo: msee tajiri anaandika kuhusu shule za Uingereza, na watoto weusi wanaitumia mbele ya polisi. Hakuna ngoma ya London Calling ilifanya kazi hiyo.

Kwa hivyo hata ukuta wa Waters ulipata mlango, na waliotoboa huo mlango ni wasikilizaji. Lakini bado nachagua London Calling, kwa sababu wao walitaka mlango uwe wazi kutoka mwanzo.

Na hii si historia ya wazungu tu. Hapa Nairobi kuna Crystal Axis, bendi ya panki, na wana ngoma inaitwa Nyayo House. Unajua lile jengo, na unajua kilichofanyika kule chini. Mtu akikwambia hao vijana wangengoja kwanza wapige gitaa kama Gilmour ndiyo waimbe kuhusu Nyayo House, muulize wangengoja hadi lini. Kuna mambo hayawezi kungoja ufundi ukamilike. Kama una besi ya kuazima na kitu cha kusema, wewe anza. Picha ikitoka na ukungu, ni sawa tu.