Mngoje Mwenzio



Sisi ndugu wawili tulilelewa Kitui mjini, ambako marehemu baba alikuwa na duka. Katika miaka ya 1990 alituletea kutoka Mombasa mtambo wa michezo ulioiga Famicom ya Nintendo, pamoja na kaseti moja ya njano. Mchezo tulioupenda zaidi ulikuwa Contra, kazi ya kampuni ya Kijapani ya Konami, kwa kuwa uliwaruhusu wawili kucheza kwa wakati mmoja.

Likizo ya Desemba iliyopita dada yetu alituita kwake Wote, Makueni. Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujaketi chumba kimoja kwa miaka mitatu, kwa sababu ya shamba aliloliacha baba karibu na Emali. Mmoja wetu sasa anaishi Mombasa, mwingine amebaki Kitui, na watoto wetu walikuwa hawajuani. Walipofika, kila mmoja alijitenga na simu yake.

Tukaona tuwaonyeshe mchezo wetu. Mtambo wa zamani ulikwisha kufa, lakini kuanza upya si kazi ngumu. Wapo wanaopakua nakala mtandaoni na kuzichezesha kwa programu inayoiga mtambo wa kale. Programu si tatizo. Nakala zisizo na ruhusa ndizo tatizo, kwani ni mali ya watu. Sisi tulinunua mkusanyiko wa Contra ambao Konami wenyewe waliutoa mwaka 2019 kwa vifaa vya sasa. Tukaiunganisha kompyuta ya mpwa wetu na televisheni kwa waya wa HDMI, tukachomeka padi mbili za USB, ndipo tukaufungua mchezo. Kwa kuwa ni mchezo wa kupigana risasi, watoto wadogo kabisa hatukuwaruhusu.

Mkusanyiko huu una neema ambayo sisi hatukuwa nayo utotoni: mchezaji anaweza kuhifadhi mahali alipofikia. Adhana ya Magharibi ilipoingia, hapakuwa na udhuru wa "ngoja nimalize".

Hatua ya tatu ni ya maporomoko ya maji. Wachezaji hupanda, na picha hupanda pamoja na aliyetangulia. Akiharakisha, mwenzake aliyebaki chini huachwa nje ya kioo na kufa, hata kama hakuna adui aliyemgusa. Kijana wa Kitui alimwacha binamu yake wa Mombasa namna hiyo mara tatu. Mara ya nne dada yetu, asiyejua lolote kuhusu michezo hii, alisema kwa upole:

"Mngoje mwenzio."

Hakuwa akiitazama televisheni. Alikuwa akitutazama sisi.

Vijana waliivuka hatua ile siku ya pili, kwa kuambiana nani atangulie na nani asubiri. Sisi nasi, baada ya Isha, tulikaa barazani hadi usiku mwingi tukilizungumzia shamba. Bado halijagawanywa, na hatutadai kwamba uchungu wote umetutoka. Tumekubaliana tu kwenda mbele ya kadhi pamoja, katika gari moja, na dada yetu akiwa kati yetu, maana naye ana fungu lake.

Watoto wanapigiana simu. Padi zimebaki Wote, zikingoja likizo ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.