Mnoko Ufukweni

Mnoko ni neno la wanafunzi. Hawalitamki mbele ya mwalimu. Mwalimu hulikuta limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, au hulisikia likinong'onwa dirishani anapokaribia. Wala si sawa na mkali. Mkali aweza kuwa mwalimu hodari, kama kisu kikali kilivyo kisu chema, na vijana wa leo wakimwita mwanamuziki mkali wanamsifu. Mnoko ni yule anayeisimamia sheria hata pale ambapo sheria yenyewe imekwisha kulala. Mimi nilikuwa mnoko tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na nilijua kwamba ndilo jina langu.

Nimelikumbuka neno hilo kwa kuwa juma lililopita nilirudia kusoma Our Day Out, tamthilia ya Mwingereza Willy Russell, iliyoonyeshwa katika televisheni ya BBC mwaka 1977 na baadaye kufanywa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Russell alipata kuwa msusi, kisha mwalimu huko Liverpool, na mtu akisoma anatambua kwamba mwandishi huyu ameshapanda basi lililojaa watoto wa shule. Bi. Kay anawafundisha watoto wasiojua kusoma vizuri, watoto wa mitaa ya kimaskini, naye anawapeleka matembezi Wales. Mkuu wa shule hamwamini, kwa hiyo anamtuma Bwana Briggs aandamane nao awe jicho lake.

Ni rahisi kuchora mstari katikati ya ubao: mpole upande huu, mkali upande ule. Lakini nikiusoma mchezo huu kwa macho ya mwalimu, mstari huo haukai. Upole wa Bi. Kay una uchungu chini yake. Anamlaghai dereva wa basi kwa hadithi ya huzuni ili awaonee watoto huruma. Watoto wanaiba dukani, kisha wanaiba hata wanyama katika bustani ya wanyama, tena mara tu baada ya Briggs kuanza kufurahia hamu yao ya kujifunza. Bi. Kay hashtuki sana. Kwake, viwanda ambavyo watoto hawa walizaliwa waje kuvitumikia vimekwisha kufungwa, basi ni heri wapewe siku moja ya furaha. Mimi siuiti huo ulegevu. Nauita kukata tamaa kwenye uso wa tabasamu. Nimefanya kazi na walimu wa namna hiyo, watu waliopendwa mno, na wanafunzi wao wakamaliza shule hawawezi kuandika barua ya kuomba kazi.

Briggs naye? Binti mmoja, Carol, anajificha kwenye jabali juu ya bahari. Hataki kurudi Liverpool. Briggs anamfuata na vitisho vyake vya kila siku, na binti anamwambia kwamba atajirusha. Hapo vitisho vinamwishia mdomoni. Anaanza kusema naye kama mtu na mtu, ananyosha mkono, na binti anapoteleza anamdaka. Baada ya hapo ni Briggs huyo huyo anayetaka watoto wapelekwe kwenye uwanja wa bembea, anacheka, anapigwa picha na kofia kichwani. Jioni anajitolea kwenda kuzisafisha picha hizo nyumbani kwake. Akiwa peke yake ndani ya gari, anaufungua mkanda, anauacha upigwe na mwanga.

Niliposoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu hapo, nikakaa.

Mwaka 1988 nilikuwa nikifundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya Dar es Salaam, nasi tukawapeleka kidato cha pili Bagamoyo. Barabara siku zile ilikuwa mbovu, tukafika tumechoka. Tulitazama makaburi ya Kaole na msikiti wake uliobomoka, nikawaandikisha maelezo. Kisha tukashuka pwani, wasichana wakaanza kucheza rede. Kulikuwa na mmoja, nitamwita Tausi, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake darasani. Ndiye aliyeniambia, "Madam, ingia kati." Sijui ni upepo au ni uchovu. Nilivua viatu, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia. Nilikwepa mpira wa soksi, nikajaza chupa mchanga, nikapigwa mgongoni, nikacheka hadi machozi.

Jumatatu, nilipoingia darasani, Tausi alisimama na wenzake kuniamkia, kisha akasema kwa sauti ya furaha, "Madam, leo tunacheza rede?" Darasa zima likacheka. Mlangoni alikuwa akipita mwalimu mwenzangu, naye akatabasamu. Nilimpigisha Tausi magoti mbele ya ubao vipindi viwili. Hakuwa amekosa lolote. Alikuwa amenikumbusha, mbele ya shahidi.

Hakuongea tena darasani mwangu hadi alipomaliza kidato cha nne.

Miaka michache iliyopita tulikutana sokoni. Ni mtu mzima, ana biashara ya vitenge, ana wajukuu. Akaniamkia "Shikamoo, Madam" huku akipiga goti kidogo, akawaambia wateja wake kwamba mimi ndiye niliyewanyoosha, kwamba walimu wa siku hizi hawajui kazi. Wateja wakaniangalia kwa heshima. Nilijikaza nikamuuliza kama anaikumbuka safari ya Bagamoyo.

"Naikumbuka sana," akasema. "Yale makaburi, mihogo ya kukaanga, rede yetu pale mchangani."

"Na mimi nilicheza," nikasema.

Akacheka kwa adabu, akanikunjia kitenge alichokataa nikilipie. "Madam naye! Wewe ulikuwa umekaa kwenye basi."