Runinga Moja, Macho Mia

Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nimeona penye wengi neno likiharibika, tena kwa kura, na mkono wangu ukiwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa. Tulia kidogo, msomaji mpenzi, nikusimulie.

Sisi tunaishi kambini, katikati ya majani chai, huku Kericho inakopakana na Bomet. Nyumba zetu zimepangwa laini kama wanafunzi kwenye gwaride. Wenye runinga zao ni wachache, sisi wengine tunategemea ile ya holi. Imefungiwa ndani ya kizimba cha chuma kilichobanwa ukutani, na ufunguo uko kwa mzee mmoja tu. Sisi vijana tulimbandika jina la Mzee Rimoti. Mwaka wa 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa nchini, ikabaki kuonyesha chengachenga tupu. Watu wa kambi wakachanga bob hamsini hamsini kila nyumba mpaka king'amuzi kikapatikana. Kwa hivyo si mali ya mtu mmoja, ni yetu sote.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wagusii humwita magokoro, alikuja kukaa nasi baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mchana kutwa alikuwa peke yake chumbani. Baba na mama wako shambani, sisi tuko shule. Jioni, mimi na kakangu tulimbeba juu ya kiti cha plastiki hadi holi ili asikilize habari za saa moja. Nasema asikilize, maana macho yake hayaoni mbali. Kila aliyepita alimwamkia. Wamama wa Kikipsigis walimsalimia "Chamgei," naye akiitikia "Chamgei mising" kwa lafudhi ya Kigusii mpaka watu wanacheka. Mle ndani tulikuwa Wakipsigis, Wagusii, Waluhya na Wajaluo, na Kiswahili chetu ndicho kilichotuunganisha. Nikikuambia nilijifunza Kiswahili holini kabla ya kukijua darasani, usidhani natania.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hawezi kukosa habari hata siku moja. Akanyamaza kwanza, kisha akaniambia. Zamani alikuwa mchumaji majani katika kambi iyo hiyo. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 alikuwa ameketi holini matokeo ya kura ya urais yalipotangazwa. Watu walitoka bila kuagana. Siku chache baadaye nyumba za majirani zilichomwa, naye akatoroka kwenda Nyamira na nguo alizovaa. "Tangu siku hiyo, mjukuu wangu," akasema, "habari nataka kuisikia pamoja na majirani. Nikiwaona usoni, ndipo najua kama nitalala."

Tarehe 15 Agosti 2022, matokeo mengine ya urais yalipotangazwa, alikuwa kwenye benchi la mbele. Hakuna aliyepiga kelele. Wamama wawili, Mkipsigis na Mluhya, walimshika mkono wakamsindikiza nyumbani, wakanywa chai kwetu. Usiku huo magokoro alilala fofofo.

Sasa ndipo kosa langu linaingia. Jumapili ya tarehe 18 Desemba 2022 ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar, Ajentina na Ufaransa. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la nane na kichwani mwangu mlikuwa na Messi peke yake. Mpira ulianza saa kumi na mbili jioni. Holi ilifurika pomoni. Ili vijana wapate nafasi, kiti cha magokoro kilisukumwa nyuma, karibu na mlango, kwenye baridi. Niliona, nikanyamaza.

Saa moja ilipotimia ilikuwa mapumziko, Ajentina ikiongoza mbili kwa bila. Mzee Rimoti akasema, "Vijana wangu, tuwawekee wazee habari dakika tano tu, kisha turudi mpirani." Vijana wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Tupige kura!" Mikono ikainuka kama msitu. Na wangu pia ulikuwa juu. Nilipogeuka, nilimkuta magokoro ameelekeza uso upande wangu. Sijui kama aliona.

Mpira ule ulikuwa mtamu, siwezi kukudanganya. Tatu kwa tatu, kisha Ajentina ikashinda kwa penalti nne kwa mbili. Lakini tulipombeba kurudi nyumbani hakusema neno. Kesho yake akasema mgongo unauma. Keshokutwa vilevile. Wiki nzima alikaa gizani na redio yake ndogo.

Binamu yangu anahudumia wazee kwenye makao yao huko Uingereza. Tulipozungumza naye kwa simu alitueleza kwamba antena moja juu ya paa hugawa waya kila chumba, kila mzee na runinga yake, na wazee wanaostahili hulipia leseni ya pauni 7.50 tu kwa chumba, bei nafuu kabisa. Mimi nikaona hiyo ndiyo dawa. Nikamwambia magokoro nikikua nitamnunulia yake. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Na hiyo yako itanisalimia?" akauliza.

Hapo nikaelewa. Hakukasirikia mpira. Jioni ile alikaa saa tatu katikati ya watu na hakuna aliyemwamkia, hata mimi.

Nilikwenda kwa Mzee Rimoti nikaungama. Tukaandika ratiba, tukaibandika kwenye kizimba: saa moja ni habari, hata kama ni fainali, na benchi la mbele ni la wazee na wagonjwa. Vijana wengine walininunia mwezi mzima. Mimi ndiye niliyerudi kumbeba magokoro, nikamweka mbele, na majirani wakaanza, "Chamgei!"

Siku hizi mashine za kuchuma majani zimeingia, watu wengi wamehama na benchi nyingi holini ni tupu. Ratiba bado iko ukutani. Wenzangu, kura ni kitu kizuri, lakini kabla hujainua mkono, geuka kwanza uone ni nani ameketi karibu na mlango.