Nungwi, kwa wenye nyundo na pamba

Ukifika Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja, usikimbilie hoteli kwanza. Tembea ufukweni mpaka usikie ko, ko, ko. Hapo kuna chombo kinakalafatiwa.

Si mchezo, ati! Fundi anailoweka pamba kwenye mafuta ya nazi, anaisokota kama utambi, kisha anaishindilia kwa patasi butu katikati ya ubao na ubao. Akiruka ufa mmoja tu, huko baharini kuna mtu hatalala: atakuwa ngamani na upo wake, anafua maji hadi alfajiri. Upepo ukichafuka, mkono unachoka, maji hayachoki.

Nje mbao zinapakwa sifa, yale mafuta ya papa (harufu yake, mama yangu!), na chini kabisa deheni, yaani shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao.

Cha ajabu, jahazi lililokaa sana juani huvuja likirudishwa majini, hata fundi awe nani. Mbao zimekauka, zimesinyaa. Ziache zinywe maji, zitavimba na kubana zenyewe.

Ukitaka kupiga picha, anza na shikamoo kwa mzee. Halafu simama upande upepo unakotoka.