Pedi ya Ndani Ndiyo Inayokwisha Kwanza

Kuna familia zimechanga pesa zikanunua Hiace kuukuu ili zibebe abiria. Hongera zao, lakini tuna neno kuhusu breki.

Sisi tulikuwa mafundi Mocímboa da Praia, hadi vita vilivyoanza Oktoba 2017 vikatutoa. Gari zilizotufikia zilikuwa mitumba ya Japani. Bodi inang'aa, muziki unalia, breki hamna.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki 3, badilisha. Hilo linajulikana. Ila kwetu pwani pedi hazikwishi sawasawa. Kalipa hutelezea kwenye pini mbili. Kipira cha pini kikipasuka, hewa ya chumvi inaingia, kutu inashika, kalipa haitelezi tena. Basi pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje imekaa tu kama mgeni. Wewe unachungulia kwenye matundu ya rimu, unaiona ile ya nje bado nene, unasema iko sawa. Kumbe ya ndani imebaki chuma kitupu.

Kwenye mchanga hutajua, maana mchanga wenyewe ni breki. Utajua ukishuka kutoka Mueda, watu wamepandana na magunia juu. Chuma kinakwangua diski, moto unapanda, na mafuta ya breki ya siku nyingi, yaliyokwisha kunywa unyevu, yanachemka. Unakanyaga, pedali inazama hadi chini. Na siku ya kukimbia nani anauliza habari ya pedi?

Pedi nyingi zina kibati kidogo kinacholia pedi ikikaribia kwisha. Nanyi akina mama mnaopanda, mkisikia mlio huo mwambieni dereva, msione haya. Mafuta ya breki yakipungua kwenye kichupa na hakuna panapovuja, usikimbilie kuongeza. Pedi imekwisha, pistoni imetoka nje zaidi, mafuta yameifuata huko.

Vua tairi, angalia pedi zote mbili. Chomoa pini, safisha kutu, paka grisi ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha vipira. Ukibadilisha kulia, badilisha na kushoto.

Wenye gari hapa kambini, leteni Jumamosi asubuhi. Kuangalia ni bure, grisi mje nayo.