Taa ya moteri na garanti yetu

Taa ya njano ya moteri imewaka mara ya 3 katika gari ya redio yetu. Mara 2 za kwanza garaji ya muuzaji ilibadilisha kaptere ya oksijeni bila malipo, maana garanti ingali inaendelea. Safari hii wakasema esanse ya kadhafi ndiyo inayoiua, kwa hiyo tulipe wenyewe.

Kweli, esanse chafu inaweza kuiharibu. Kaptere hiyo inakaa kwenye bomba la moshi, inapima oksijeni iliyobaki, na kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza esanse kufuatana na hicho kipimo. Ikijaa masizi inadanganya. Lakini ndani yake kuna pia kipasha-moto cha umeme, kwani ikiwa baridi haipimi vizuri. Nikamwomba fundi aunganishe mashine na aniandikie kodi. Ikatoka P0135: shida iko kwenye umeme wa kipasha-moto. Hapo haisemi neno juu ya esanse! Akafuata waya, akakuta moja imechubuka kwa kusuguana na chuma.

Ndugu zetu mliokimbia vita, mlioko uwanda wa Ruzizi, hiyo ndiyo sababu hatukufika kuchukua majina ya watoto mnaowatafuta.

Wenye gari lenye garanti, dai karatasi kila mara: tarehe, kilometa, kodi, kilichobadilishwa. Waya imetengenezwa bure. Karatasi ya zile kaptere 2 bado wananizungusha.